Giza la mtaa wetu lilianza kwenye makaratasi ya zabuni

Fundi alifungua kifuniko cha taa kwa bisibisi, akachungulia ndani, kisha akaniita kutoka juu ya ngazi. "Mzee, panda uone mwenyewe." Nilipanda hadi katikati, na pale nilipofika niliona ya kutosha. Mpira wa kuzuia maji ulikuwa umekauka na kupasuka. Sisimizi walikuwa wamehamia humo na udongo wao. Betri aliichomoa akanikabidhi; ilikuwa nyepesi mno. Akasema betri yenye ukubwa ulioandikwa kwenye kibandiko ingenielemea mkono. Ubavuni mwa taa pameandikwa wati 120. Akaiunganisha na betri yake mwenyewe, taa ikawaka, akapima. Wati 28.

Taa hiyo haikuwa imefikisha miaka miwili tangu ifungwe. Ni moja ya taa za sola zilizowekwa kwenye barabara yetu kwa mbwembwe, na usiku ule wa kwanza nami nilitoka nje nikafurahi kama watu wengine. Chini ya nguzo hiyo kuna mama anayekaanga samaki. Taa zilipokuwa zinawaka alikuwa anafunga saa nne usiku. Sasa saa mbili kasoro ameshafunika karai lake, maana wateja wake wengi ni wanawake wanaoshuka kwenye daladala, na hakuna anayetaka kusimama gizani kuchagua samaki. Saa mbili na zaidi za biashara, kila siku, zimekwenda na betri ile nyepesi.

Mtaani jibu lilikuwa tayari: wamekula. Huenda ni kweli, sina ushahidi. Ila niliomba kuona nyaraka za zabuni, nikazisoma usiku kucha, na kilichoniuma zaidi ni kugundua kwamba taa zile zingekufa hata kama hakuna aliyekula senti. Kipengele cha taa kilikuwa mstari mmoja na nusu: taa za sola za LED, wati 120, pamoja na betri na nguzo. Basi. Hakuna neno kuhusu mwanga unaotakiwa kufika barabarani, betri idumu muda gani, nani ataifungua aipime kabla ya malipo, wala ikizima apigiwe nani. Kwa zabuni ya namna hiyo, mwenye taa nzuri anashindwa na mwenye kibandiko.

Naomba nikae kidogo kwenye hilo neno "wati", kwa sababu ndipo halmashauri nyingi zinapojikwaa. Wati ni umeme ambao taa inakula. Mwanga inaoutoa unapimwa kwa lumeni, na mwanga unaotua barabarani unapimwa kwa laksi. Kuandika wati kwenye zabuni ni sawa na kuagiza gari kwa kutaja lita za mafuta inazokunywa, bila kusema ibebe watu wangapi. Enzi za taa za sodiamu, zile za njano, kosa hili halikuwa na madhara makubwa, kwani taa za wati 250 kutoka viwanda tofauti zilikaribiana. LED ni jambo jingine. Taa mbili zinaweza kutoa mwanga uleule, moja ikila wati 150 na nyingine 100.

Hesabu yake ni ya darasa la saba. Huku kwetu karibu na Ikweta usiku ni saa 12 mwaka mzima, kwa hiyo taa ya barabarani inawaka kama saa 4,380 kwa mwaka. Tuseme taa ya wati 150 inauzwa shilingi 400,000 na ile ya wati 100 inauzwa 600,000, zote za kuunganishwa na gridi. Tofauti ya wati 50 ni uniti 219 kwa mwaka. Uniti ikiwa shilingi 300, hiyo ni shilingi 65,700. Miaka mitatu hivi, ile "ghali" imerudisha tofauti yote, na bado ina miaka mingi ya kuwaka. Lakini siku ya kufungua zabuni kinachosomwa ni 400,000 na 600,000. Ndiyo maana nasema tathmini ijumlishe bei ya kununua, umeme wa miaka kumi na matengenezo ya miaka kumi, kisha ndipo tuulize nani ana bei ya chini.

Na hizi si ndoto. Mwaka 2009 jiji la Los Angeles lilianza kubadili taa za sodiamu zipatazo 140,000 kuwa za LED, kazi ya miaka minne. Umeme wa taa hizo ulipungua kwa zaidi ya asilimia 60, na mkopo wa mradi ulipangwa kulipwa kwa fedha iliyookolewa kwenye umeme na matengenezo. Mimi kinachonivutia zaidi ni namna walivyonunua. Walitundika kwanza taa za watengenezaji mbalimbali kwenye mitaa yenyewe, wakapima, wakasikiliza wakazi. Halafu wakanunua kwa awamu, huku wakizipima upya taa zilizopo sokoni. Taa iliyogharimu zaidi ya dola 400 mwanzoni ilikuwa chini ya dola 250 mwaka 2012. Wangenunua zote kwa mkupuo, wangelipia bei ya juu kwa teknolojia ambayo ingepitwa kabla haijafungwa yote.

Detroit, katika nchi hiyohiyo, ina hadithi nyingine. Jiji lilifilisika mwaka 2013, wakati taa zipatazo asilimia 40 hazikuwa zinawaka. Likaundiwa mamlaka ya taa, na kufikia mwisho wa 2016 taa mpya 65,000 za LED zilikuwa zinawaka kwa gharama ya dola milioni 185. Watu walishangilia, na walikuwa na haki. Mwaka 2019 mamlaka hiyo ilikwenda mahakamani kumshtaki mtengenezaji mmoja, ikisema karibu taa 20,000 alizotengeneza zinafifia na kuungua kabla ya wakati. Nikisoma habari ile nilimkumbuka mama wa samaki. Tofauti ni kwamba Detroit ilikuwa na mkataba wa kushika mkononi na jina la kumpelekea madai. Mtaani kwetu mkandarasi alishalipwa, kipindi cha uangalizi cha mwaka mmoja kikapita, na taa zikaanza kuzima mwezi wa kumi na tano.

Kuhusu ule muda wa "saa 50,000" unaoandikwa kwenye maboksi: kwa kawaida unazungumzia vile vijitaa vya LED vyenyewe. Kinachotangulia kufa mara nyingi ni draiva, kile kifaa kinachorekebisha umeme, na kinachoiua ni joto au umeme unaoruka. Kwenye sola kinachotangulia ni betri. Kwa hiyo dhamana inayotaja "taa" bila kutaja draiva, betri na kinga ya umeme mkubwa ni dhamana ya kitu ambacho kisingeharibika hivyo haraka.

India walipita njia ambayo miji yetu midogo ingeitazama kwa makini. Tangu 2015 kampuni ya umma inaitwa EESL imekuwa ikikusanya mahitaji ya miji mingi na kununua kwa pamoja. Inafunga taa kwa fedha yake, na mji unalipa kidogokidogo kutokana na umeme uliookolewa. Zimeshafungwa zaidi ya taa milioni 10. Halmashauri yenye nguzo 300 haina sauti mbele ya kiwanda. Halmashauri ishirini zikienda pamoja zina sauti, na zinaweza kumlipa mhandisi mmoja mzuri wa kuandika vigezo badala ya kila moja kunakili makaratasi ya jirani.

Rangi ya mwanga nayo isisahauliwe, ingawa kwetu ni suala la baadaye. Mji wa Davis, California, ulilazimika mwaka 2014 kung'oa mamia ya taa mpya kwa sababu wakazi walilalamikia weupe wake mkali unaoingia vyumbani. Kutaja rangi kwenye zabuni ni kuongeza mstari mmoja tu.

Sheria yetu ya Ununuzi wa Umma ya 2023 inasisitiza thamani ya fedha, na zabuni sasa zinapita kwenye NeST, mfumo wa serikali wa zabuni kwa mtandao, jambo ninaloliunga mkono kwa moyo wote kwa sababu limepunguza mambo ya kupeana bahasha mezani. Lakini mfumo haumwongezei mtu kigezo ambacho hakukiandika.

Nimesikia kuna awamu ya pili ya taa inakuja kwenye kata yetu. Nimekwenda kwa diwani na ombi moja, nikaliandika nikamwachia. Kabla ya kusaini, kila mzabuni alete taa tatu, zitundikwe kwenye barabara hii hii kwa miezi mitatu ya masika. Mwishoni zishushwe mbele ya wananchi, fundi azifungue, apime betri na wati, na tuone kama kuna maji. Sehemu ya malipo ishikiliwe miaka mitano, itolewe mwaka hadi mwaka kwa kuhesabu taa zinazowaka. Namba ya simu ya anayehusika ipigwe rangi kwenye kila nguzo, kimo ambacho mtu anaisoma akiwa amesimama.

Diwani alikunja karatasi akaiweka mfukoni, akaniambia kikao cha kamati ni Alhamisi ya wiki ijayo. Nitakuwepo, na fundi amekubali kuja na ile betri.