Barua Halali Inapozikwa na Taka

Barua ya kuniita kwenye usaili ilikaa siku kumi na moja katika folda ya taka, imebanwa kati ya mjane anayetafuta wa kumwachia mamilioni na dawa ya kuotesha nywele. Nilipoiona, siku ya usaili ilikwisha kupita. Tangu hapo, mtu akisifu chujio kali la barua pepe, namsikiliza kwa sikio moja.

Si kwamba wapenda ukali hawana hoja. Itifaki ya SMTP, yaani kanuni za kompyuta kupokezana barua, iliyoandikwa mwaka 1982 na inayobeba barua pepe hadi leo, haikuwekewa njia ya kuhakikisha kwamba mtumaji ndiye anayejitaja. Viraka vya uthibitisho vimekuja baadaye. Google na Yahoo zilianza kuwabana watumaji wa barua kwa wingi wavitumie mwaka 2024 tu. Isitoshe, barua milioni moja hutumwa kwa gharama ndogo mno, hivyo tapeli akinasa mmoja kati ya maelfu, ameshakula. Sheria nazo zipo: ya Marekani ya 2003 inamruhusu mtangazaji akuandikie mpaka umkataze, ilhali Ulaya ilikuwa imeamua mwaka 2002 kwamba kwa kawaida aombe ruhusa kwanza. Ulaya walifikiri vizuri zaidi, ila tapeli hasomi sheria yoyote kati ya hizo.

Basi kazi imebaki kwa machujio. Mengi huhesabu neno fulani hutokea mara ngapi kwenye taka na mara ngapi kwenye barua halali, kisha hukisia. Ndiyo maana mhasibu anayeandika “malipo”, “haraka” na “akaunti” katika sentensi moja hufanana na tapeli kama pacha wake.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wapenda ukali. Taka ikipenya, unaiona na kuifuta. Barua halali ikizuiwa, hakuna anayejua: aliyeandika anadhani umempuuza, nawe unadhani hakuandika. Nakubali kwamba taka moja yenye kiungo cha kuibia nenosiri yaweza kukugharimu miezi, na kwa ofisi inayoshika fedha za watu hilo linatosha kukaza kamba.

Lakini ikibidi kukataa, seva, yaani kompyuta inayopokea barua, ikatae palepale mlangoni, wakati seva ya mtumaji ingali inasubiri jibu. Mtu wa kweli atapata taarifa kwamba barua haikufika, na atapiga simu. Isipokee kwanza ndipo irudishe baadaye, maana anwani ya mtumaji wa taka mara nyingi ni ya kughushi na lawama zitamwangukia asiyehusika. Folda ya taka ibaki kwa zenye shaka tu, iwe ndogo kiasi cha kupitiwa kwa macho.

Yangu naifungua kila Ijumaa. Wiki iliyopita nilimkuta mjane mwingine, na chini yake risiti niliyokuwa nikiidai kwa hasira.