RAM Haifi, Mzee

Jamani, skrini ya bluu imerudi kwenye kompyuta yangu ya dukani. Tena imerudi mteja akiwa amesimama mbele yangu, dada wa watu ana usaili saa nne, wasifu wake umebaki majina ya wadhamini tu, mashine ikanitolea kile kiuso chake kilichonuna na kusema inakusanya taarifa, asilimia sifuri. Taarifa za nini? Aliyeharibu ni yeye, anayechunguza ni yeye, na ripoti haniletei.

Mimi ni mtu mzima, nina steshenari yenye leseni ukutani. Sitakiwi kupiga kelele mbele ya wateja. Nikamwambia kwa upole, "Subiri kidogo dada, mfumo unajirekebisha." Akaangalia saa, akachukua bahasha yake, akaenda zake.

Kila anayepita dukani ana jibu. Muuza vocha anasema virusi. Mwenye nyumba anasema joto, ila dirisha hataki niongeze. Shemeji yangu aliye chuo aliizima, akaiwasha, akaomba nauli.

Ndipo nikamwita fundi. Akaja amening'iniza flashi shingoni kama daktari wa wodi ya watoto, hakumuuliza mgonjwa chochote, akakalia kiti changu na kutangaza: "Mzee, hapa tunapiga windo." Yaani aweke Windows upya.

"Fundi, windo si ilipigwa juzi juzi tu?"

"Walipiga vibaya."

"Ulipiga wewe."

Akanyamaza, akaomba maji ya kunywa.

Sasa mimi sijasomea ufundi, lakini kinachoandikwa kwenye skrini nakisoma. Siku moja MEMORY_MANAGEMENT, kesho yake PAGE_FAULT_IN_NONPAGED_AREA, jioni jina jingine kabisa. Ugonjwa unaobadilisha majina hivyo, wa kwanza kushukiwa ni RAM, ile kumbukumbu ya muda ambayo mashine inafanyia kazi. Nikamwambia, "Mdogo wangu, tupime RAM." Akacheka mpaka flashi ikaruka kifuani.

"RAM haifi, mzee. RAM ikifa mashine haiwaki, inapiga mlio tu."

"Na kama imekufa nusu?"

"Hiyo haipo."

Akapiga windo. Ikafika katikati, ikasema faili limeharibika. Flashi mbovu hiyo, akatoa nyingine. Ikakwama tena, pengine kabisa. Basi diski imekwisha, mzee, andaa hela. Nikamuuliza, hayo mafaili yakitoka kwenye flashi kwenda kwenye diski yanapita wapi? Akatazama dari. Yanapita kwenye RAM, bwana! Akasema labda umeme mdogo.

Hapo heshima yangu ilianza kulegea. Nikatoa flashi yangu mwenyewe yenye Memtest86+, programu ya kupima RAM, ya bure kabisa. Kipimo cha Windows, kile cha mdsched, nilishakiendesha kikaniambia hakuna tatizo, nami nikiwa nimetoka kuangaliwa na kiuso dakika chache nyuma. Memtest haisubiri Windows iamke. Inawaka yenyewe kwanza, maana Windows ikishajilaza kwenye RAM kuna sehemu hazifikiki. Inajaza sifuri na moja kila mahali, kisha inarudi kusoma kama zipo zilivyoachwa. Inachukua saa na saa. Fundi akaanza kula mihogo yangu.

Mstari mwekundu ukatokea: kosa.

"Mmoja tu, mzee. Huo unasamehewa."

Hausamehewi! Biti moja, yaani hiyo sifuri au moja, ikipinduka, a inakuwa e. Mimi hapa naandika kadi za harusi: "Baba mzazi" ikitoka "Beba mzazi" nitajificha wapi? Na tarakimu ndiyo balaa, 1 na 9 zimetenganishwa na biti moja tu. Mchango wa 10,000 unageuka 90,000, na kamati haitakuja kulalamika, itasema Mungu mkubwa. Seva kubwa zina RAM za ECC, biti ikipinduka inarudishwa papo hapo. Mimi nina za mtumba.

Nikiwa bado nafoka, skrini ikajaa mistari myekundu juu mpaka chini. Fundi akafuta mafuta ya mihogo mdomoni, akatikisa kichwa kwa huzuni ya kitaalamu. "Unaona mzee, mimi RAM niliihisi tangu mlangoni."

Sikumjibu. Nilichomoa vipande vyote viwili vya GB 4, nikasugua meno yake ya dhahabu kwa kifutio cha penseli, nikarudisha kimoja peke yake. Kipimo kikaanza upya. Kikakaribia kumaliza, umeme ukakatika. Nilitamka neno ambalo mtu wa rika langu halitamki, na watoto wa shule walikuwa mlangoni wanasubiri madaftari. Memtest haikumbuki ilipoishia. Ni mwanzo tena! Jioni ndiyo tukamjua mbaya: kipande cha pili. Nikakihamishia tundu jingine, makosa yakakifuata hukohuko, kwa hiyo mothabodi, ubao mkuu wenye matundu, haina hatia.

Fundi akadai hela ya windo. Windo ipi? Iliyokwama au iliyokwama nyingine?

Kariakoo nilikokwenda kutafuta kipande kingine sitaki hata kusimulia. RAM ya kizazi cha DDR3 haingii kwenye tundu la kizazi cha DDR4, pengo lake halikai mahali pamoja, lakini muuzaji ananiambia nikandamize tu itaingia. Waranti? "Mpaka mlangoni, bosi." Nikatoka zangu, sasa naendesha duka kwa GB 4, nikifungua kivinjari Word inalala.

Halafu leo asubuhi kaja mtu anataka nakala moja ya kitambulisho, shilingi 100, ananyoosha noti ya 10,000. Chenji nitoe wapi asubuhi yote hii? Nikamwambia akanywe chai kwa mama ntilie, avunje. Kaenda, kanywa chai, kala na chapati, karudi amejaa tele. Ana noti ya 5,000, ana tatu za 1,000, ana sarafu ya 500. Mia hana.