Mwunga mifupa kati ya matapeli wawili wa Hogarth

Mchoro wa William Hogarth, mchoraji Mwingereza wa kejeli, wa 1737, unaowaita matabibu wa London kampuni ya wazishi, husifiwa kuwa kipigo kwa utapeli wa tiba. Umechorwa kama nembo ya ukoo. Chini wamesongamana madaktari 12 wenye mawigi, wananusa vichwa vya fimbo zao, mmoja amechovya kidole kwenye chupa ya mkojo. Juu yao wapo watatu: John Taylor wa macho, Joshua Ward wa vidonge, na katikati Sarah Mapp, mwunga mifupa wa Epsom, mji ulio karibu na London, kavalishwa nguo za mchekeshaji, mfupa mkononi.

Wanaoutetea wana hoja. Vidonge vya Ward vilikuwa na antimoni, sumu inayotapisha, na mgonjwa aliamini kutapika ndiko kupona. Taylor alitibu mtoto wa jicho kwa kudunga sindano na kusukuma lenzi chini, mwanga upite. Mgonjwa huona papo hapo, kwa ukungu. Kisha jicho huweza kuvimba na kutunga usaha, na tabibu keshahama mji. Bach, mtunzi wa muziki Mjerumani, alifanyiwa hivyo na Taylor mara mbili Leipzig mwaka 1750, na mwezi Julai akafariki.

Mapp anaingiaje hapo? Bega lililoteguka halidanganyiki. Unauvuta mkono kwa nguvu isiyokatika mpaka msuli uchoke, unauzungusha kidogo, kichwa cha mfupa kinarudi mahali pake. Ukichelewa siku kadhaa, msuli hukaza na kazi huwa ngumu maradufu. Tena ganzi ya etha haikuwepo hadi 1846. Mkono unainuka au hauinuki, na waliopo wote wanaona. Ndiyo maana watu wa Epsom walimwahidi gini 100, sarafu za dhahabu, kwa mwaka asiwahame.

Hakuwa malaika. Inasimuliwa kwamba madaktari wa upasuaji walimpelekea mtu mwenye kifundo cha mkono kizima, wamjaribu. Akagundua, akakitegua makusudi, akamwambia arudi kwa waliomtuma. Ni ukatili. Lakini ili akasirike vile, ilibidi kwanza ajue kwa kugusa tu kwamba kifundo ni kizima.

Hogarth alitazama umaarufu: magazeti, gari la farasi wanne, wateja matajiri. Hayo Ward na Taylor walikuwa nayo pia, basi akawaweka watatu safu moja. Mtu aliyeteguka bega akiutazama mchoro ule hapati popote kwamba mmoja kati yao angeweza kumrudishia mkono wake.