Maswali Manne ya Mwaka 1990: Barua Pepe za Watoto na Dai la Kuisemea Dunia

Mwezi Mei mwaka 1990, mwandishi mmoja wa Norway, Odd de Presno, aliyekuwa akiishi Saltrød kusini mwa nchi hiyo, alianzisha mradi wa kuwakutanisha watoto wa umri wa miaka 10 hadi 15, wa nchi yoyote, kwa njia ya barua pepe. Mradi huo uliitwa KIDS-91, na mwaka wake wa kwanza ulipokwisha uliendelezwa, hatimaye ukajulikana kwa jina la Kidlink. Mlango wa kuingilia ulikuwa mmoja tu: kabla mtoto hajashiriki mazungumzo na wenzake, alitakiwa ajitambulishe kwa kujibu maswali manne. Mimi ni nani? Nikiwa mkubwa ninataka kuwa nani? Ningependa dunia iwe bora kwa namna gani nitakapokuwa mkubwa? Ninaweza kufanya nini sasa ili hayo yatimie?

Majibu ya maswali hayo, na ya miradi mingine ya aina hiyo, husomwa leo kwa namna mbili zinazopingana. Wapo wanaoyaona kuwa ushahidi kwamba watoto waliweza kusemezana kuvuka mipaka bila kupitia kwa wanasiasa, mabalozi wala wahariri. Wapo pia wanaouliza ni watoto gani hasa waliosema, kisha wakajijibu wenyewe: ni wale wachache waliokuwa na kompyuta shuleni, laini ya simu, na mwalimu mwenye moyo wa kukesha akihangaika na modemu, kifaa cha kuunganisha kompyuta na laini ya simu. Kila upande una haki katika sehemu ya hoja yake. Lakini pande zote mbili hukomea kwenye suala la nani alisema, na ni mara chache zifike kwenye suala ninaloliona kuwa zito zaidi, yaani nini kilifuata baada ya mtoto kusema.

Ni haki kwanza kukiri kwamba matumaini ya wakati ule hayakuwa njozi za watu wasioijua dunia. Ukuta wa Berlin ulifunguliwa tarehe 9 Novemba 1989, na siku kumi na moja baadaye Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa likapitisha Mkataba wa Haki za Mtoto, ambao kifungu chake cha 12 kinampa mtoto haki ya kutoa maoni katika mambo yanayomhusu na kutaka maoni hayo yapewe uzito unaostahili. Hata kabla ya hapo, mwaka 1988, shule za jimbo la New York na shule za Moscow zilikuwa zimekwisha kuunganishwa kwa kompyuta katika mradi uliokuja kuzaa mtandao wa iEARN, uliozinduliwa rasmi mwaka 1994 katika mji wa Puerto Madryn nchini Argentina. Watoto ambao serikali zao zilikuwa zimeelekezeana silaha za nyuklia walikuwa wakiandikiana kuhusu masomo yao na maisha ya nyumbani. Mtu aliyeyashuhudia hayo asingelaumiwa kwa kudhani kwamba jambo jipya lilikuwa limeanza.

Namna barua zenyewe zilivyosafiri inastahili kuelezwa, maana hoja nyingi za pande zote mbili zimejificha humo. Mazungumzo ya Kidlink yaliendeshwa kwa orodha za barua zilizohifadhiwa katika kompyuta za Chuo Kikuu cha Jimbo la North Dakota, kwa programu ya LISTSERV: barua moja ikitumwa kwenye orodha, programu huisambaza kwa kila aliyejiandikisha. Shule nyingine zilitumia FidoNet, mtandao ulioanzishwa na Tom Jennings mwaka 1984, ambamo kompyuta zilipigiana simu usiku, wakati gharama ilikuwa nafuu, zikapokezana barua hatua kwa hatua mpaka zifike. Mara nyingi mtoto hakuwa na anwani yake mwenyewe. Aliandika kwenye karatasi au kwenye kompyuta isiyounganishwa na simu, kwa kuwa kila dakika ya simu ililipiwa, kisha mwalimu akazituma barua zote kwa mkupuo mmoja. Jibu lingeweza kuchukua saa kadhaa au siku kadhaa.

Wanaoutetea mfumo huo husema kwamba ucheleweshaji huo ulikuwa neema, na hapa nakubaliana nao. Barua za posta kati ya marafiki wa kalamu zilichukua wiki nyingi, kiasi kwamba mtoto alipopata jibu alikuwa amesahau aliuliza nini. Barua pepe ya wakati huo ilikuwa na kasi ya kutosha kulihifadhi joto la mazungumzo, lakini haikuwa na kasi ya kumfanya mtoto ajibu kabla hajafikiri. Aliandika, akasahihisha, akamsomea mwenzake wa dawati, ndipo akampelekea mwalimu. Watetezi hao huongeza kwamba maandishi matupu, yasiyo na picha wala sauti, yaliuondoa utambulisho wa juu juu: msomaji hakuona rangi ya ngozi, ubora wa nguo wala ulemavu, na hakusikia kigugumizi. Hoja hii ya pili nina shaka nayo. Swali la kwanza kati ya yale manne lilikuwa «Mimi ni nani?», na mtoto anayejibu swali hilo huku akiwa amevuliwa lafudhi, sura na mahali anapoishi huenda akabaki na orodha ya vitu anavyopenda na asivyopenda. Usawa unaopatikana kwa kuficha tofauti ni usawa wa muda, unaodumu mpaka tofauti hizo zitakapojitokeza.

Na hata maandishi yenyewe hayakuwa sawa kwa wote. Mifumo mingi ya barua pepe wakati huo ilitegemea ASCII, yaani alama 128 zilizopangwa kwa mahitaji ya Kiingereza cha Marekani. Lugha za Skandinavia zililazimika kuazima nafasi za mabano na mistari ili kupata herufi zao, hivyo barua iliyoandikwa Norway ikisomwa kwenye kompyuta ya Marekani, herufi ø iligeuka kuwa mstari wima. Saltrød, mahali mradi ulipozaliwa, pangeweza kusomeka kama «Saltr|d». Kwa waandikao Kirusi au Kijapani hali ilikuwa ngumu zaidi, na kiwango cha MIME, kilichowezesha barua pepe kubeba herufi za lugha mbalimbali kwa utaratibu mmoja, kilitangazwa mwaka 1992. (Kiswahili kingepita salama, hata ng' yetu haihitaji zaidi ya ritifaa.) Kidlink waliliona tatizo la lugha, wakafungua kumbi za mazungumzo kwa Kireno, Kihispania, Kijapani na lugha za Kinodiki, jambo linalostahili sifa. Hata hivyo kumbi za lugha mbalimbali huwatenganisha wale wale waliokusudiwa kukutana, na aliyetaka kumfikia mtoto wa bara jingine bado alihitaji Kiingereza.

Kuhusu nani hakuwepo kabisa, takwimu moja ya zama hizo inatosha. Ripoti ya Tume ya Maitland, iliyotolewa mwanzoni mwa mwaka 1985 kwa niaba ya Shirika la Kimataifa la Mawasiliano, ilieleza kwamba jiji la Tokyo peke yake lilikuwa na simu nyingi kuliko bara zima la Afrika. Mradi uliosafiri juu ya waya za simu usingeweza kuwa wa dunia nzima, hata waanzilishi wake wangekuwa na nia njema kiasi gani, na hata walipokubali majibu yaliyotumwa kwa posta au faksi. Asiyekuwapo na lake halipo. Hapa nawaunga mkono wakosoaji bila kusita: neno «dunia» lilitumiwa kwa wepesi mno. Nisichokubali ni hatua wanayoichukua baadaye, ya kusema kwamba kwa kuwa wasemaji walikuwa wachache, walichosema hakina thamani. Mashahidi wachache hawatoshi kuwa kura, lakini hubaki kuwa mashahidi wa yale waliyoyaona.

Tugeukie basi walichosema. Katika swali la tatu, lile la dunia iliyo bora, majibu yalifanana: vita viishe, hewa na maji visichafuliwe, wanyama wasiangamizwe, njaa iondoke. Ufanano huu ndio kiini cha ubishi. Mwenye matumaini huuchukulia kuwa uthibitisho kwamba mioyo ya watoto ni mmoja kila mahali. Mwenye shaka huuona kuwa alama ya darasa: mwalimu ameandika swali ubaoni, mwanafunzi anajua jibu linalotarajiwa. Kwa maoni yangu kuna maelezo ya tatu yaliyo wazi zaidi, nayo ni kwamba watoto hao walikuwa wakisikia habari zile zile. Ajali ya Chernobyl ilitokea Aprili 1986. Mkataba wa Montreal kuhusu tabaka la ozoni ulitiwa saini mwaka 1987. Meli ya Exxon Valdez ilimwaga mafuta katika bahari ya Alaska Machi 1989, na Siku ya Dunia ya Aprili 1990 iliadhimishwa kwa kishindo katika nchi nyingi. Kisha Agosti 1990 Iraki iliivamia Kuwait, na vita vya Ghuba vikapiganwa katikati ya mwaka uleule wa KIDS-91. Mtoto wa miaka 11 aliyeandika kwamba anataka amani mnamo Januari 1991 huenda alikuwa akikariri, lakini huenda pia alikuwa ametoka kuitazama Baghdad ikishambuliwa kwenye televisheni usiku uliotangulia. Kufanana kwa maneno hakutuambii ni lipi kati ya hayo mawili. Na tukumbuke kwamba hata watu wazima wakiomba dua, huomba kwa maneno yaliyozoeleka, na hatuwaambii kuwa hawamaanishi.

Penye tofauti halisi ni swali la nne. Hapo mtoto alitakiwa ashuke kutoka kwenye dunia nzima hadi kwenye mikono yake mwenyewe, naye angeweza kutaja yaliyo ndani ya uwezo wake tu: kuokota taka, kusoma kwa bidii, kutomdharau mwenzake, kumwandikia kiongozi. Umbali ulioko kati ya «vita viishe» na «nitaokota taka» ni mkubwa, na baadhi ya wasomaji wazima huucheka. Mimi nauona kuwa ndio sehemu ya kweli kuliko zote katika mradi huo, kwa sababu unaonyesha bila kificho jinsi nguvu za mtoto zilivyo ndogo mbele ya matakwa yake. Mkosoaji ana haki ya kusema kwamba swali hilo lilimtwika mtoto mzigo usio wake: nani aliwahi kumuuliza waziri wa ulinzi atafanya nini sasa ili matakwa ya mtoto wa miaka 12 yatimie? Mtetezi naye ana haki ya kujibu kwamba mtoto anayeulizwa matakwa tu, bila kuulizwa atafanya nini, amegeuzwa pambo la sherehe.

Ni hapa ninapoulaumu mradi wenyewe kwa jambo lisilohusu teknolojia. Mkataba wa mwaka 1989 ulidai maoni ya mtoto yapewe uzito, na uzito hutolewa na mtu mwenye mamlaka. Tarehe 29 na 30 Septemba 1990, viongozi wa nchi zaidi ya 70 walikutana New York katika Mkutano wa Dunia kuhusu Watoto; lakini majibu yaliyokuwa yakikusanywa kwenye orodha za barua yalikwenda kwa watoto wengine na walimu wao, na hapakuwa na mkubwa yeyote aliyefungwa na wajibu wa kuyajibu. iEARN walichagua njia tofauti kidogo kwa kudai kwamba kila mradi uzae tendo lenye manufaa. Kwa mfano, wanafunzi walichangisha fedha za pampu za maji kwa ajili ya vijiji vya Nicaragua. Njia hiyo ina kasoro yake, kwani inawageuza watoto wa upande mmoja kuwa wafadhili na wa upande wa pili kuwa wafadhiliwa, ilhali kwenye maswali manne wote walikuwa waulizwaji. Hata hivyo, baina ya kasoro hizo mbili, naichagua ile iliyoacha maji kijijini.

Limebaki suala la faragha, ambalo mwaka 1990 halikuwasumbua wengi. Watoto waliandika majina yao, umri wao, shule zao na mambo ya familia zao katika orodha ambazo programu ilizihifadhi barua moja baada ya nyingine. Marekani ilipitisha sheria ya kulinda taarifa za watoto wa chini ya miaka 13 mtandaoni mwaka 1998, ikaanza kutumika mwaka 2000, na Umoja wa Ulaya ukaweka haki ya mtu kutaka taarifa zake zifutwe katika kanuni zilizoanza kutumika mwaka 2018. Kuwahukumu walimu wa mwaka 1990 kwa sheria hizo ni kuwaonea. Waliowasiliana wakati huo walikuwa jamii ndogo ya vyuo na shule, na injini za utafutaji za leo hazikuwepo. Lakini barua hazikuzeeka pamoja na waandishi wake. Aliyekuwa na miaka 10 hadi 15 mwaka ule sasa yuko katika miaka ya arobaini au ameifikia hamsini, na hajawahi kuulizwa kama anaridhia sentensi zake za utotoni zisomwe na mtu asiyemjua, au na mashine.

Wapo wanaopendekeza kumbukumbu za aina hiyo zifutwe zote, na wapo wanaotaka ziachwe wazi kama hati nyingine za historia. Kuzifuta kungempokonya mtafiti mojawapo ya sehemu chache ambamo watoto wa mwisho wa Vita Baridi wanasikika kwa maneno yao wenyewe, hata kama yalipitia mikononi mwa mwalimu. Kuziacha kama zilivyo kungemweka hadharani mtu ambaye hakujua kuwa anaandika kwa ajili ya hadhara. Ningependelea majina na shule viondolewe, umri na nchi vibaki, majibu ya maswali yote manne yasitenganishwe, na maandishi yenyewe yasisahihishwe, pamoja na mistari ile wima iliyosimama mahali pa herufi ambazo mashine haikuzijua.