Meneja hataki ugali

Mbwa wetu anaitwa Meneja na jina hilo hatukumpa sisi. Alikuwa wa mpangaji mmoja hapa Shangani, mtu alikuja Mtwara kikazi, uhamisho ulipomkuta akaniita getini akanikabidhi mbwa, mnyororo na nusu gunia la chakula cha punje, kile cha kuagiza Dar kinakuja kwenye buti la basi. Akaniambia "huyu hana shida kabisa." Gunia likaisha, shida zikaanza.

Nikamsongea ugali wa dona nikachanganya na dagaa, chakula ambacho mbwa wote wa kusini wamekulia. Meneja akanusa, akaniangalia usoni, akainua mguu akakojolea bakuli. Sio pembeni ya bakuli jamani, ndani. Kesho yake nikatia mchuzi wa kuku uliobaki, akanusa akaenda kulala. Nikajaribu uduvi, nikajaribu dagaa wa kusaga, yani nilifika mahali naonja mwenyewe kwanza "ona, baba anakula, mmm" na mama watoto kasimama mlangoni kashika kiuno anasema mimi siku nikiumwa sijawahi kubembelezwa hivo.

Kilichokuwa kinanichanganya ni kwamba mbwa hakondi. Hali kitu, ila anang'aa, ana kitambi kabisa. Hilo nililiona na nikalipita.

Ndo shemeji wa Dar akaingia kwenye stori. Shemeji huyu ana mbwa wawili na bando lisiloisha, akanitumia voisi ndefu mpaka nikaisikiliza huku napiga pasi: mbwa ni ukoo mmoja na mbwa mwitu, wewe unamlisha ugali wa nini, mlishe vibichi! Et kuna daktari wa mifugo wa Australia anaitwa Ian Billinghurst ndo aliyaeneza mambo haya tangu 1993, na watu wana hesabu zao kabisa, asilimia 80 nyama, 10 mifupa, 10 viungo vya ndani na nusu ya hivyo viungo iwe ini. Kwa siku mbwa ale asilimia mbili mpaka tatu ya uzito wake.

Nikapiga hesabu. Meneja ana kama kilo 25, kwa hiyo ni kati ya gramu 500 na 750. Za nyama. Kila siku. Nyumba hii yenye watoto wanne nusu kilo tunanunua Jumapili na tunaikata vipande vidogo mpaka unakitafuta kwenye mchuzi kwa tochi. Nikamuuliza shemeji sasa hiyo mifupa na ini namuachia mbwa, sisi tunakula bakuli? Akasema basi nunua mapupu, ni bei rahisi.

Kabla ya kwenda buchani nikampitia afisa mifugo wetu, nashukuru nilipita maana yule mzee ukimgusia mapupu mabichi anasimama. Akaniambia kule machinjioni wakipasua mapafu na maini wanakuta vifuko vya maji, ile ni minyoo ya tegu iko hatua ya utoto. Mbwa akila mabichi, minyoo inakomalia tumboni mwake, mayai yanatoka na kinyesi, yanabaki kwenye manyoya, mwanao anamkumbatia mbwa halafu anashika andazi, na vifuko vinaanza kukua kwenye ini la mtoto, vinaweza kukaa miaka bila yeye kujua. Bado bakteria wa salmonela kwenye nyama mbichi, ambao mbwa anaweza asiugue ila wewe unayeosha bakuli ukaugua. Akasema hata chama cha madaktari wa mifugo cha Marekani tangu 2012 kinawashauri watu waachane na habari hizo. "Chemsha," akasema, "na mifupa iliyochemshwa usimpe, inapasuka vipande vya kuchoma utumbo. Na huo mchuzi wako una vitunguu? Vitunguu vinaharibu damu ya mbwa." Nikakaa kimya kuhusu mchuzi.

Ila na mimi nina mdomo. Nikamwambia mzee, mbona mbwa wa kule Feri wanakula vichwa vya samaki vibichi kila siku na wako fresh? Akavua miwani. "Umewahi kumuona mbwa mzee Feri?"

Hapo nikaondoka nimegawanyika. Shemeji kule anavuta, mzee huku anavuta, mbwa nyumbani anakojolea dona. Nikaona nipite katikati: nyama ya ng'ombe hapana, mapupu hapana, bahari je? Bahari haina ng'ombe. Nikashuka Feri kwenye saa tano asubuhi, maji ya bamvua, kina mama walikuwa wametoka miambani na vijiti vyao, pweza wamejaa, kivuko cha Msangamkuu kinapiga honi watu wanagombania kupanda, na mimi nabembeleza bei ya pweza wa mbwa. Ila sikusema ni wa mbwa. Pale ukisema hivo wanakupiga, pweza ni chakula cha heshima, jioni wanaume wazima wanajipanga kwenye meza ya supu ya pweza kila mmoja anajifanya kafuata chumvi tu.

Nikamuuliza muuzaji huyu kafa? Akasema kafa zamani. Na kweli alikuwa kafa, sitaki kumsingizia mama wa watu. Ila pweza akifa minyiri yake haijapata taarifa, inaendelea kushika kitu muda mzuri tu.

Nyumbani mama watoto akamuona akabadilika sura. Akasema huyu tunagawana, mbwa ale nusu, nusu naiweka supu, akabandika sufuria jikoni akaanza kukata ndimu. Mi nikamuweka pweza kwenye sinia la zamani uani nikaenda kutafuta kisu. Nilichosikia kwanza ni kimya, Meneja ananusa. Halafu sauti ambayo sijawahi kuisikia kwa mbwa wala mtu.

Kugeuka, mbwa hana uso. Mnyiri mmoja umenasa puani, mwingine umezunguka shavu, kichwa cha pweza kinaning'inia kidevuni, na jinsi Meneja alivyokuwa anajitikisa ndo ilivyozidi kuganda. Geti lilikuwa wazi. Akatoka nduki.

Nikatoka nyuma yake na kisu mkononi. Sasa jiwekeni kwenye nafasi ya watu wa mtaani: mbele mnyama hana macho ana mikono mingi, nyuma mwanaume ana singlendi na kisu anapiga kelele "mshike, msimuumize pweza!" Watoto walikuwa wanatoka madrasa, mmoja akapiga yowe "lipikooo!" maana kwa aliyekulia huku Umakondeni kitu chenye sura ya ajabu kinachokimbiza watu ni lipiko, yule mvaa kinyago wa kwenye ngoma, na wote wakatawanyika, vitabu huku ndala kule. Bodaboda akaacha pikipiki inaunguruma. Wazee wa bao chini ya mwembe hawakuwahi kunyanyuka, Meneja akapita katikati yao, kete zikamwagika, na mzee mmoja ambaye alikuwa anaongoza (anavyodai yeye) akapakwa mate ya mbwa kanzu nzima, na kanzu nyeupe jamani, na adhuhuri imekaribia. Mate ya mbwa ni najisi ya kuoshwa mara saba, moja kwa udongo. Nani ataleta maji? Mimi. Nikiwa bado nahema nikaambiwa hakuna kumfukuza mbwa mpaka ndoo zije. Nikateka maji bombani, nikatafuta na udongo msafi, wazee wananisimamia, ukikosea hesabu wanakurudisha.

Nilipoachiwa nikafuata kelele mpaka kwa mama ntilie wa kule chini. Meneja kaingia chini ya meza moja kwa moja, njia anaijua. Mvuvi mmoja aliyekuwa anakula kamkandamiza kwa magoti, anabandua mnyiri mmoja mmoja kuanzia kwenye ncha, taratibu, huku anatafuna. Na mama ntilie kachuchumaa anambembeleza mbwa, "pole Pakacha wangu, pole baba, nani kakufanyia hivi?"

Pakacha?

Nikasema huyu ni Meneja, ni wangu. Akaniangalia juu mpaka chini, nadhani kisu hakikunisaidia. Akasema wako? Huyu kila asubuhi yuko hapa, anakunywa supu ya utumbo, anakula chapati, mchana mifupa laini ya kuku na wali, tena wali wa jana hataki. Kijana anayeuza ming'oko, ile mizizi ya porini, akadakia, aa, huyu si Tajiri? Kwangu anapita saa nne, ming'oko anakula bila chumvi. Mvuvi akasema mlinzi wa ghala la korosho kule juu ndo analala naye zamu ya usiku, wanagawana chipsi, yeye anamwita Afande.

Yani mimi nahangaika na asilimia 80 na Australia, mbwa ana zamu tatu na majina manne. Pale kwangu alikuwa anarudi kupumzika.

Nikampigia afisa mifugo palepale. Alicheka mpaka simu ikakatika, akapiga mwenyewe: funga geti, bakuli weka dakika ishirini, hajala ondoa mpaka jioni, na uje uchukue dawa ya minyoo maana huyo kazunguka. Nikasema sawa, nikawa namfunga mnyororo tuondoke, mama ntilie akaniambia subiri kwanza.

Akatoa daftari.

Alisema alikuwa hajui amdai nani, sasa mwenye mbwa kapatikana. Hakuwa ameandika kila sahani, ila kwa makadirio yake ya kuonea huruma ilikuwa elfu ishirini. Mfukoni nilikuwa na chenji ya pweza. Tukavutana, wateja wakawa upande wake wote, hata mvuvi ambaye hatujuani, mwisho akasema basi tumalizane kwa huyu pweza, sinia hili hapa, na keshamuosha tayari. Nikakubali ningefanyaje.

Ndo simu ikaita, mama watoto. "Maji yamechemka, ndimu nimekata, pweza yuko wapi?"

Ikabidi nikae kwenye benchi nisubiri pweza wangu mwenyewe aive, nikanunua supu yake vikombe viwili kwa ile chenji, bei ya kawaida, punguzo hakuna. Nikafika nyumbani jasho linanitoka, mbwa mkono huu, supu mkono huu. Mama watoto akaonja, akafumba macho, akamuangalia Meneja.

"Kumbe ndo maana dona yako hataki."