Joe Clark, Keating na mwalimu wa Sarafina: kwa nini filamu za shule zinatugusa

Mwaka 1989 Marekani ilitoa filamu mbili za shule ambazo, ukizitaja leo mbele ya walimu na wazazi wa Moshi, kila mmoja anashika upande wake. Lean on Me ni habari za Joe Clark, mkuu aliyekuwepo kweli wa shule ya Eastside High, mjini Paterson, New Jersey. Morgan Freeman ndiye aliyemwigiza. Dead Poets Society ni habari za Keating, mwalimu wa kubuni aliyeigizwa na Robin Williams, anayefundisha ushairi katika shule ya bweni ya wavulana huko Vermont mwaka 1959. Clark anatembea na kipaza sauti na kufunga milango kwa minyororo ili wauza dawa za kulevya wasiingie. Keating anawaambia vijana wachane kurasa za utangulizi wa kitabu chao.

Wazazi wengi wa huku wako na Clark, na sababu yao ni nzito. Kilimanjaro ni mkoa ambao kahawa imelipa ada vizazi na vizazi, na mtoto akipata divisheni ziro, ukoo mzima unainamisha kichwa. Shule ambayo mwalimu anapigwa hadi kupelekwa hospitali, kama Eastside inavyoonyeshwa mwanzoni, haiwezi kufundisha mtu yeyote. Clark anawaita jukwaani wakorofi na wauza dawa, kisha anawafukuza wote kwa mpigo, wenzao wakitazama. Tukio hilo ndilo linalosimuliwa kuliko yote.

Lakini wale waliofukuzwa walikwenda wapi? Filamu inamrudisha kijana Sams, aliyeomba kwa machozi. Wengine hatuambiwi wameishia wapi. Sisi tunajua, kwa sababu tunakutana nao stendi. Novemba 2021 Serikali ilipofungua tena mlango kwa walioacha shule, wakiwemo wasichana waliopata mimba, nchi ilikiri gharama ambayo filamu ile inaipita haraka.

Tena kuna wanaomtaja Clark wakitetea fimbo. Ni kweli jarida la Time lilimweka kwenye jalada Februari 1988 akiwa ameshika rungu la besiboli. Ila New Jersey ilikataza viboko shuleni tangu 1867. Clark hakuwa na ruhusa ya kumchapa hata mwanafunzi mmoja. Hapa kwetu kanuni za 2002 zinaruhusu viboko visivyozidi vinne, tena kwa mkono wa mkuu wa shule au aliyemteua kwa maandishi, na kila aliyesoma bweni anajua kanuni hiyo inavyovunjwa paredi ya asubuhi. Anayemtaka Clark amchukue mzima: mkuu anayejua majina ya wanafunzi wake na kuwafuatilia mpaka nyumbani.

Keating ana upande wake, na ndio ninaoupenda zaidi, pamoja na hatari zake. Neil, mwanafunzi wake, anataka kuigiza. Baba ameshaamua atakuwa daktari. Katika mji wenye KCMC, hospitali inayoonekana kwa kila mtoto kama kilele cha elimu, nani hajamwona Neil? Ni yule mwenye A ya Kiswahili na moyo wa fasihi anayesukumwa PCB (Fizikia, Kemia na Biolojia) kwa sababu HKL (Historia, Kiswahili na Kiingereza) "haina kazi". Kinachouma ni kwamba baba wa Neil si mtu katili. Neil mwenyewe anasema familia yao haina utajiri kama ya rafiki yake. Baba amejinyima ili mwana apande. Wazazi wetu wangapi wamo humo, waliouza ng'ombe au kipande cha shamba?

Wanaompinga Keating wanasema amemwasha kijana ambaye yeye mwalimu hawezi kumlinda, na Neil anaishia kujiua. Wanasema pia kwamba mwenye wanafunzi sabini darasani na mtihani wa Baraza la Mitihani mbele yake hana nafasi ya kupanda juu ya meza kama Keating. Hoja hiyo ya pili siwezi kuivunja. Ya kwanza inamwonea: Keating alimwambia Neil akazungumze na baba yake. Neil alidanganya kwamba amezungumza, kwa woga, na woga ule ulilelewa nyumbani.

Ukinilazimisha kuchagua moja, nitachukua Sarafina! ya 1992. Pale mwalimu Mary Masombuka, aliyeigizwa na Whoopi Goldberg, anadai kazi ifanyike na wakati huohuo anafundisha historia ambayo wakubwa hawaitaki, hadi anakamatwa. Na akishaondoka, wanafunzi wenyewe ndio wanaobeba hadithi. Marekani imezoea mwalimu mwokozi. Katika filamu hii watoto ndio wenye uwezo. Ni habari za Soweto, Afrika Kusini, ya 1976, vijana waliokataa kufundishwa kwa Kiafrikana, na baadhi ya waliokimbia baada ya hapo walisomea Mazimbu, Morogoro, katika shule ya ANC, chama cha ukombozi cha Afrika Kusini, iliyopewa jina la Solomon Mahlangu. Mzazi anayesema ina moto na mauaji yasiyofaa kwa kidato cha kwanza yuko sahihi. Kidato cha tatu wanaiweza, mwalimu akiwa nao chumbani.

Hiyo ya Neil ningeiweka siku ya wazazi, kabla fomu za tahasusi hazijajazwa, baba na mtoto wakiwa benchi moja.