Mwamba wa Kale wa Dodoma na Ufa Unaousogelea

Fundi anayechimba msingi Dodoma hufurahi pale mtarimbo unapogonga mwamba na kurudisha mlio mkavu. Anajua kwamba hapo nyumba haitazama, na mwenye kiwanja naye hupumua kwa sababu kina cha kuchimba kimepungua. Katika furaha hiyo ndimo ilimozaliwa kauli inayorudiwa sana tangu makao makuu ya nchi yahamishiwe huku: kwamba Dodoma imekaa juu ya mwamba wa kale usiotikisika, na kwamba habari za Bonde la Ufa na matetemeko ya ardhi ziachiwe Arusha, Manyara na Mbeya. Wapo pia wanaosema kinyume kabisa, kwamba mji umejengwa kwenye ncha ya ufa unaoendelea kupasuka, na kwamba kila ufa wa ukutani ni onyo la kitakachokuja. Kauli zote mbili zimeshika kipande cha ukweli wa kijiolojia. Nitazipima kwa uzito wake, nikianzia chini, maana hoja yenyewe ni ya chini.

Wanaosema mwamba ni imara wana ushahidi wanaoweza kuushika mkononi. Okota kipande cha kokoto pale wanapopondea mawe kando ya barabara, ukitazame juani. Utaona chembe za rangi ya waridi, chembe nyingine zinazopitisha mwanga kama kioo, na vipande vyeusi vya ulanga vinavyobanduka kwa ukucha kama kurasa za kitabu. Chembe hizo ni kubwa kiasi cha kuonekana bila kifaa chochote, na ukubwa huo una maana. Mwamba ulioyeyuka ukitokea juu ya ardhi hupoa haraka na chembe zake hubaki ndogo mno, kama ilivyo kwa mawe meusi ya volkano huko kaskazini. Ukipoa polepole, kilomita kadhaa chini ya ardhi, chembe hupata muda wa kukua. Kwa hiyo mwamba huu, graniti ya vilima vya Mlimwa na Mlima Simba hapa mjini, haikuumbwa pale tunapoiona leo; ilipoa gizani, na kila kilichokuwa juu yake kimeliwa na mvua, jua na upepo hadi ikabaki wazi. Miamba ya ukanda huu, unaoanzia hapa na kupita Singida, Tabora na Shinyanga hadi Ziwa Victoria, ina umri unaozidi miaka milioni 2,500, yaani zaidi ya nusu ya umri wa dunia nzima. Wanajiolojia huuita Kratoni ya Tanzania. Kratoni ni kipande cha bara kilichopoa, kikakomaa na kusalia kwa muda mrefu bila kukunjwa upya.

Uimara huo hauishii juu. Kutoka juu ya ardhi hadi kitovu cha dunia ni wastani wa kilomita 6,371. Ganda la nje, chini ya mabara, kwa kawaida lina unene wa kilomita 30 hadi 50. Chini yake kuna mantili, tabaka la mwamba wa moto ambao ni mgumu lakini hujongea polepole mno, linalofika kina cha takriban kilomita 2,900. Kisha kuna kiini cha nje cha chuma na nikeli katika hali ya kimiminika, na ndani kabisa, kuanzia kama kilomita 5,150, kiini kigumu. Hakuna aliyefika huko. Shimo refu zaidi lililowahi kuchimbwa kwa ajili ya utafiti, lile la Kola nchini Urusi, liliishia mita 12,262, hata nusu ya ganda haikufika. Tunachokijua kuhusu vina hivyo kimeletwa zaidi na matetemeko yenyewe, kwa kuwa mawimbi yake hupita ndani ya dunia na kubadili mwendo kila yanapokutana na kitu cha aina nyingine. Kwa njia hiyo mtaalamu wa matetemeko Mohorovičić alitambua mwaka 1909 mpaka kati ya ganda na mantili, na mwenzake wa fani, Inge Lehmann, akatambua kiini cha ndani mwaka 1936.

Nchi yetu nayo ilipimwa hivyo. Mwaka 1994 na 1995 vipima tetemeko viliwekwa katika sehemu mbalimbali za Tanzania, na mawimbi yaliyonaswa yalionyesha kwamba chini ya kratoni ganda lina unene wa kama kilomita 37 hadi 42, na chini ya ganda hilo kuna mzizi wa mwamba baridi na mgumu unaoshuka hadi karibu kilomita 200 au zaidi. Almasi za mgodi wa Mwadui, Shinyanga, ni shahidi wa pili, kwa sababu kwa kawaida almasi huumbika zaidi ya kilomita 150 chini, penye mgandamizo mkubwa na joto lisilozidi kiasi, hali inayopatikana chini ya mizizi minene kama huu wetu. Hoja ya uimara, basi, si ya vijiweni. Ina kina cha kilomita mia mbili.

Sasa panda treni ya reli ya kati kuelekea magharibi. Ukitoka Dodoma unashuka kwenye uwanda wa Bahi, tambarare lenye majaruba ya mpunga, na baada ya Saranda reli inaanza kupanda ukuta mrefu wa milima kuelekea Manyoni. Msafiri wa kawaida huona mteremko tu. Ukuta huo ni ukingo wa Bonde la Ufa: upande mmoja wa ardhi ulishuka, mwingine ukabaki juu, na Kilimatinde imekaa kwenye ukingo huo ikitazama chini. Mto Bubu unaotoka kaskazini hauendi baharini. Humwaga maji yake katika kinamasi cha Bahi kwa sababu ardhi ya hapo imedidimia na haina mlango wa kutokea. Mpunga wa Bahi, kwa maneno mengine, unalimwa ndani ya shimo lililochimbwa na mwendo wa ardhi. Wataalamu wamechora nyufa kadhaa katika eneo hili, zikiwemo za Bubu, Saranda, Mponde, Makanda na Hombolo, na baadhi yake zina dalili za kuwa hai, yaani bado zinajongea. Hombolo kuna chemchemi ya maji ya moto, na maji hayapati joto bila njia ya kushuka chini na kupanda tena.

Matetemeko nayo yapo. Novemba 2002 tetemeko lenye ukubwa wa takriban 5.5, lililohusishwa na eneo la milima ya Chenene kaskazini mwa mji, lilitikisa Dodoma. Mwaka 1964 eneo la Mbulu, kwenye Bonde la Ufa hilihili, lilipata tetemeko lililozidi 6. Na kusini-magharibi mwa nchi, kwenye ukingo mwingine wa kratoni, ndiko Rukwa, ambako Desemba 1910 palitokea moja ya matetemeko makubwa kuliko yote yaliyopimwa Afrika Mashariki, lenye ukubwa wa zaidi ya 7.

Swali la kwa nini ardhi inapasuka lina mjadala wake. Wapo wanaotia mkazo joto linalosukuma kutoka chini, kwa kuwa mawimbi ya tetemeko yanaonyesha eneo kubwa la mantili ambamo yenyewe hupunguza mwendo, dalili ya joto, linaloanzia karibu na mpaka wa kiini chini ya kusini mwa Afrika na kupanda likiinamia upande wetu. Wengine hutia mkazo nguvu zinazolivuta bara kutoka pembeni. Mimi naona nguvu zote mbili zinafanya kazi, na kwa suala la Dodoma kilicho muhimu ni namna ufa unavyoitikia ukikutana na kratoni. Bonde la Ufa limegawanyika mikono miwili, mmoja kupitia Kenya na mwingine kupitia Ziwa Tanganyika na Rukwa, likiizunguka kratoni kama maji yanavyozunguka jiwe katikati ya mto. Mkono wa mashariki, ambao Kenya ni bonde moja lililo dhahiri, ukifika kaskazini mwa Tanzania hutawanyika: Eyasi, Manyara, Pangani, na matawi yanayoteremka hadi Bahi. Umegonga mwamba, kama mtarimbo wa fundi. Ila huu haukurudi; unatafuta pa kupenya.

Hapa ndipo hoja ya uimara inapoteleza, na naomba nikae hapa kidogo, kwa sababu neno "imara" linatumika kwa maana mbili bila watu kugundua. Wakulima wa Dodoma wanalijua bua la uwele. Likiwa bichi ukilipinda linakubali, linapinda hadi karibu mduara. Likishakauka ni gumu zaidi, ukilibonyeza halijipindi hata kidogo, halafu ghafla linavunjika kwa mlio. Miamba iko hivyo. Chini ya maeneo ya ufa yenye joto kali mwamba hulainika mapema, hukunjika na kujongea bila kelele, na matetemeko hutokea katika kilomita chache za juu. Chini yetu mwamba ni baridi. Unabaki mkavu hadi vina vikubwa, na ndiyo maana katika ukanda huu yamepimwa matetemeko ya kina cha kilomita 30 na zaidi, ambako penye joto mwamba usingeweza kuvunjika. Ugumu uleule unaotajwa kuwa kinga ndio unaouwezesha mwamba kulimbikiza msongo kwa muda mrefu.

Muda huo tuupige hesabu. Mikono ya Bonde la Ufa hutanuka kwa milimita chache tu kwa mwaka, na mwendo huo hugawanywa kati ya nyufa nyingi. Tuseme ufa mmoja unalimbikiza milimita 1 kwa mwaka: itachukua miaka 1,000 kufikia mita moja. Dodoma iliteuliwa kuwa makao makuu mwaka 1973, na reli yenyewe ilifika hapa mwanzoni mwa karne iliyopita. Mtu anayesema "hatujawahi kuona tetemeko kubwa hapa" anasema kweli, lakini anaongea kutoka katika kumbukumbu ambayo ni sehemu ndogo mno ya mzunguko wa ufa wowote ule.

Upande wa pili nao una yake ya kujibu. Wanaotangaza kwamba Afrika inagawanyika na kwamba bahari itaingia hadi uwanda wa Bahi wanazungumzia mambo ya mamilioni ya miaka kana kwamba ni ya kesho, na kuwatia watu hofu isiyo na matumizi. Na nyufa za ukutani wanazozionyesha, nyingi ni za udongo. Udongo mweusi wa mbuga, unaopatikana katika mabonde mengi ya hapa, huvimba unapopata maji na kusinyaa unapokauka, na msingi usio na kina huinuka na kushuka nao. Mwenye nyumba anaweza kujipimia mwenyewe kwa rula: ufa unaopanuka wakati wa kiangazi na kujifunga mvua za Desemba hadi Aprili zinapokolea, mara nyingi ni kazi ya udongo huo.

Isitoshe, mwamba una faida ya kweli ambayo wanaoogopa huisahau. Mawimbi ya tetemeko yakitoka kwenye mwamba mgumu na kuingia kwenye mchanga au tope laini, hupunguza mwendo na kuongeza mtikisiko, kwa hiyo nyumba mbili zilizo umbali uleule kutoka kwenye ufa hazitikiswi sawasawa. Simulizi ya jina la mji huu, Idodomya, mahali palipodidimia, pale tembo alipozama kwenye tope la kijito, inafaa kukumbukwa na anayepima viwanja: ndani ya mji huuhuu kuna graniti na kuna tope. Na nyufa zenyewe hazituletei hasara tu. Visima vya Makutupora, vinavyonywesha sehemu kubwa ya mji, vinachota maji yaliyojikusanya katika mwamba uliomeguka na kupasuka. Mwamba mzima usio na ufa usingetupa hata ndoo moja.

Nikiweka pande zote mbili pamoja, naona mwamba wa Dodoma unasema kweli kuhusu uzito wa jengo, na hausemi chochote kuhusu siku ambayo ufa utajongea. Tetemeko la kati, la ukubwa kama wa Bukoba tarehe 10 Septemba 2016, lililokuwa la 5.9, si jambo la kushangaza katika mazingira haya. Bukoba nako ni ukingoni mwa kratoni, na watu wapatao ishirini walipoteza maisha, huku nyumba dhaifu zikibeba sehemu kubwa ya uharibifu. Sina hofu kubwa na maghorofa ya mji wa serikali pale Mtumba, ambayo yana wahandisi wa kuyakokotolea. Hofu yangu iko Bahi, Chemba, Hombolo na pembezoni mwa mji, kwenye nyumba za tofali mbichi zilizopangwa kwa udongo, na kwenye tembe zenye paa zito la udongo juu ya vichwa vya waliolala.

Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini ina makao yake hapahapa Dodoma, kwa hiyo ujuzi wa nyufa hizi hauko mbali. Kinachohitajika ni mistari ya nyufa ionekane kwenye ramani za mipango miji zinazotumika kugawa viwanja, na fundi wa mtaani aelezwe kwa nini mkanda wa zege wenye nondo, unaozunguka kuta zote nne chini ya paa, usiachwe hata kama msingi umekaa juu ya jabali. Mkanda huo huzifunga kuta ziende pamoja zinapotikiswa, badala ya kila ukuta kuanguka upande wake. Ndio huohuo ambao mwenye nyumba huukata kwenye bajeti wa kwanza, mara tu anapousikia mtarimbo ukilia.